Ngome ya Mombasa: Gereza Lililofungua Milango Yake

Msafiri afikaye Mombasa kutoka bara hana haja ya kuuliza sana njia ya kwenda Ngomeni. Akiwa ameshuka katika gari moshi kule Miritini, au katika basi kisiwani kwenyewe, ataifuata Barabara ya Nkrumah mpaka ukingoni mwa Mji wa Kale. Hapo, mbele ya bahari, ataona kuta kubwa zilizosimama juu ya mwamba wa matumbawe. Hii ndiyo Fort Jesus, ambayo wenyeji huiita Ngome, au kwa kifupi Ngomeni.

Wageni wengi huenda kuitazama kwa sababu ya habari za Wareno na Waarabu, na vita vyao vya kugombea pwani hii. Hayo ni mambo makubwa nayo yastahili kutazamwa. Lakini yafaa mtu akumbuke kwamba kwa muda wa miaka 63, tangu mwaka 1895 hata mwaka 1958, ngome hii haikuwa mahali pa watu kwenda kutazama. Ilikuwa gereza la Serikali. Aliyeingia langoni siku zile hakuingia kwa hiari yake, na hakutoka mpaka siku zake zimekwisha.

Neno lenyewe gereza lina habari zake, na habari hizo zinahusu majengo ya namna hii. Wataalamu wa lugha husema kwamba neno hili latokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Wareno walikuwa na desturi ya kujenga kanisa ndani ya ngome zao, na mtu wa pwani aliyeliona jengo kwa nje alilipa jina alilolisikia kwa Wareno. Hivyo gereza likawa jina la ngome. Hata leo ngome ya kale iliyoko Kilwa Kisiwani, katika nchi ya Tanzania, yaitwa Gereza. Baadaye, ngome zilipofanywa mahali pa kufungia watu, neno likabaki na maana ya kifungo. Basi katika neno moja msomaji aweza kuona mambo matatu yaliyofuatana: ibada, vita na kifungo. Ngome ya Mombasa imeyapitia yote matatu.

Ujenzi wake ulianza mwaka 1593, kwa amri ya Mfalme Philip wa Pili wa Hispania, ambaye wakati huo alitawala Ureno pia. Aliyechora ramani yake ni Giovanni Battista Cairati, Mwitalia aliyekuwa akiwatumikia Wareno huko Goa katika Bara Hindi. Alifuata elimu ya vita ya zama zake, ya kwamba kila ukuta uweze kulindwa kwa mizinga iliyo katika ukuta mwingine, ili adui asipate pembe ya kujifichia. Kwa hiyo zilijengwa buruji nne katika pembe, ambazo hata sasa zaitwa kwa majina ya watakatifu: San Felipe, San Alberto, San Matias na San Mateus. Mtu akiitazama ramani ya ngome kutoka juu, huona umbo kama la mwanadamu aliyelala chali.

Majina ya wakubwa yamehifadhiwa vizuri. Juu ya lango kuna maandishi ya mwaka 1635 yanayomsifu kapiteni mmoja wa Kireno, Francisco de Seixas de Cabreira. Lakini mafundi na wachukuzi walioyakata mawe ya matumbawe, wakachoma chokaa na kuyapandisha mawe hayo juani, hawakuandikwa majina yao mahali popote katika kuta walizozijenga. Jambo hili msomaji aliweke akilini, kwani litarudi tena.

Ngome iliyojengwa kwa nguvu haikukaa kwa amani. Mwezi wa Agosti mwaka 1631, Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa aliwaasi Wareno. Huyu alikuwa amechukuliwa tangu utoto akalelewa Goa, akabatizwa na kupewa jina la Jerónimo Chingulia, kisha akarudishwa atawale kwa faida yao. Baba yake alikuwa ameuawa kwa shauri la Wareno. Yusuf aliingia ngomeni kama rafiki, akamwua kapiteni, akaushika mji. Wareno walikuja na merikebu zao wakashindwa kuitwaa ngome kwa nguvu. Waliipata tena mwaka 1632, baada ya Yusuf mwenyewe kuiacha na kwenda zake baharini.

Vita vilivyokuwa vikubwa kupita vyote ni vile vilivyoanza mwezi wa Machi 1696, Waarabu wa Omani walipoizingira ngome. Mazingiwa hayo yaliendelea kwa muda wa miezi 33. Waliokuwa ndani waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Ilifika wakati Wareno karibu wote walikuwa wamekufa, na ngome ikalindwa na Bwana Daud wa Faza pamoja na jamaa zake wachache, na Waafrika wanaume kwa wanawake. Watu husema kwa wepesi kwamba vilikuwa vita vya Wareno na Waarabu, na kumbe katika kuta zile walisimama watu wa pwani hii hii, na nje ya kuta walisimama wengine. Mwezi wa Desemba 1698 Waomani waliingia. Wareno walirudi kwa muda mfupi mwaka 1728, wakafukuzwa mwaka uliofuata, wasirudi tena kutawala.

Baada ya hapo ngome ilikaliwa na maliwali wa ukoo wa Mazrui, ambao walijitenga na Omani wakaitawala Mombasa kwa amri yao wenyewe, mpaka Seyyid Said alipoitwaa mwaka 1837. Tangu siku hizo ikawa kambi ya askari wa Sultani wa Unguja.

Ndipo ukaja mwaka 1895. Waingereza walitangaza himaya yao katika nchi hii, na katika mwaka huo ngome ikafanywa gereza. Bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea juu yake, kwa kuwa ukanda wa pwani ulihesabiwa kuwa milki yake kwa mkataba. Lakini funguo za milango zilikuwa mikononi mwa Waingereza. Mwaka 1902 mahakama ilijengwa karibu na ngome. Jumba hilo lipo mpaka leo, nalo si mahakama tena. Mgeni akisimama kati ya majengo haya mawili ataona jinsi ilivyokuwa fupi safari ya mtu kutoka mbele ya hakimu mpaka mlangoni pa gereza.

Watu gani walifungwa? Katika magereza ya Kenya ya zama zile walikuwamo wezi na wauaji, kama ilivyo katika magereza yote. Lakini walikuwamo pia watu wengi ambao kosa lao lilikuwa kukosa fedha au kukosa karatasi. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1901, na aliyeshindwa kulipa aliweza kuonja kifungo. Baada ya vita vya kwanza vya dunia kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri alilazimishwa kuchukua kipande, ambacho wengi walikivaa shingoni katika kikopo cha bati, na kutembea bila kipande lilikuwa kosa la kumpeleka mtu mbele ya hakimu. Mkulima asomaye habari hizi hana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Aulize tu katika ukoo wake.

Mwaka 1958 wafungwa waliondolewa na ngome ikawekwa katika ulinzi wa sheria kama mahali pa ukumbusho. Kazi ya kuitengeneza ilisaidiwa kwa fedha za Shirika la Calouste Gulbenkian la Ureno. Hivyo nchi iliyoijenga ngome kwa ajili ya vita ilitoa mali tena, baada ya zaidi ya miaka 300, ili itazamwe kwa amani. Bwana James Kirkman, mtaalamu wa mambo ya kale aliyekuwa amechimbua pia magofu ya Gedi, aliongoza uchimbaji na akawa mtunzaji wa kwanza. Mwaka 1960 nyumba ya ukumbusho ilifunguliwa kwa watu wote. Mwaka 2011 ngome iliandikwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Aingiaye leo hulipa kiingilio langoni, akapita chini ya upenyo mrefu wenye kivuli, akatokea katika uwanja mpana. Hapo ataona misingi ya kanisa la Wareno, birika la maji ya mvua, kisima kirefu kilichochimbwa mwambani, na mizinga iliyoelekea baharini. Ipo Nyumba ya Waomani, ambayo juu yake mtu hupata upepo mzuri. Katika jumba la maonyesho vimepangwa vyungu na sahani za China zilizochimbwa katika miji ya kale ya pwani, na vitu vilivyotolewa baharini katika Santo António de Tanná, merikebu ya Kireno iliyozama karibu na ngome mwaka 1697 wakati wa yale mazingiwa. Kazi ya kuichunguza chini ya maji ilifanywa kati ya mwaka 1977 na 1980.

Kitu kimoja chafaa kitazamwe kwa makini zaidi. Ni kipande cha ukuta chenye michoro iliyofanywa na mabaharia au askari wa Kireno kwa makaa na udongo mwekundu. Walichora merikebu, samaki, makanisa na watu waliovaa mavazi ya chuma. Yaonekana walikuwa watu waliochoka kungoja, wenye kukumbuka kwao. Michoro hiyo imehifadhiwa kwa heshima, na ndivyo ipasavyo.

Lakini mgeni mwenye kufikiri atajiuliza: wako wapi waliokaa hapa miaka 63 baada ya wale? Wao pia walingoja, na wao pia walikumbuka kwao. Mreno aliacha mizinga na maandishi juu ya lango. Wamazrui na Waomani waliacha nyumba na habari za maliwali wao. Mfungwa hakuacha kitu, maana mfungwa hana ruhusa ya kuwa na kitu. Tena, katika kuitengeneza ngome ili mambo ya kale zaidi yaonekane, majengo ya gereza yalipaswa kuondolewa, na alama nyingi za wafungwa zikaenda pamoja nayo. Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mambo ya gereza huyajua aliyefungwa, na asipoyasema yeye hakuna jiwe litakaloyasema kwa niaba yake.

Wakati wa kuyasikia si mwingi. Kijana aliyetoka ngomeni mwaka 1958 akiwa na umri wa miaka 20 sasa anakaribia miaka 90, kama yu hai. Wazee wengi walikaa kimya, kwa kuwa katika kijiji kifungo kilihesabiwa kuwa aibu, hata kama kosa lilikuwa shilingi chache za kodi. Watoto wao nao hawakuuliza, kwa adabu. Kwa njia hiyo aibu isiyokuwa ya haki imelindwa nyumbani kwa uaminifu kuliko gereza lilivyolindwa na askari.

Ngome yenyewe imepewa matunzo. Mawimbi yaliyokuwa yakiula mwamba chini yake yamewekewa ukuta wa kuyazuia, ili kazi ya mwaka 1593 isianguke baharini. Matunzo ya kumbukumbu za watu hayahitaji mawe wala saruji. Yahitaji mtu mwenye kujua kusoma na kuandika, akae na mzee jioni, amwulize kwa heshima alifungwa wapi, mwaka gani, kwa kosa gani, na ni nani waliokuwa pamoja naye, kisha aandike majibu katika daftari na kulihifadhi.

Wazazi na walimu wawapeleke watoto Ngomeni wapatapo nafasi. Wawaonyeshe mizinga, kisima na michoro ya Wareno. Kisha, kabla ya kutoka, wasimame nao kidogo pale langoni na kuwaeleza kwamba palikuwa na wakati ambapo lango hili lilifungwa nyuma ya mtu kwa sababu alikosa kodi. Mtoto atatoka nje kwa miguu yake mwenyewe, wala hapana atakayemzuia, naye atajua kwamba si watu wote waliopita hapo walioweza kufanya hivyo.