Sapoti ya mkono, daktari na udhu wa mgonjwa

Katika masika moja, watu wawili wa msikiti wetu hapa Mwanza walivunjika kifundo cha mkono, na wote wawili walivaa kifaa cha aina moja: sapoti nyeusi ya kitambaa, yenye kipande cha bati ndani na mikanda ya kunasa, inayouzwa katika maduka ya dawa.

Wa kwanza ni mtoto wa madrasa aliyeteleza juu ya mawe, kama wanavyoteleza watoto wengi wa mji huu uliojengwa juu ya miamba. Picha ya eksirei ilionesha kuwa mfupa umebonyea tu, haukukatika. Daktari akamvisha sapoti kwa wiki tatu. Baba yake alinung'unika, akiuliza kwa nini mwanawe hakufungwa plasta. Lakini mtoto alipona, alhamdulillah.

Wa pili ni mama yetu mzazi, aliyeteleza uani akiwa na ndoo ya maji, akaangukia kiganja. Jirani mwema alimnunulia sapoti, naye akaivaa siku nne akivumilia, akisema maumivu ni kafara ya madhambi. Tuliporejea kutoka safarini tuliufungua mkono, tukaukuta umepinda kama mgongo wa uma. Hospitalini ilibidi mfupa uvutwe, urudishwe mahali pake, kisha ufungwe plasta kwa wiki sita.

Kifaa kilikuwa kimoja, lakini majeraha yalikuwa mawili tofauti. Sapoti hushikilia mfupa uliokaa mahali pake. Haina uwezo wa kuurudisha uliohama. Kwa hiyo picha hutangulia, sapoti hufuata. Upo pia mfupa mdogo chini ya kidole gumba ambao ufa wake huweza kutoonekana katika picha ya siku ya kwanza. Mwenye kuumia hapo na arudi kwa daktari baada ya siku kumi hadi kumi na nne, hata kama aliambiwa yu mzima.

Anayeruhusiwa kuvaa sapoti na azingatie haya. Avue pete mapema, kabla vidole havijavimba. Achague ya mkono husika, kwani ya kulia si ya kushoto, na bati likae upande wa kiganja. Vidole viachwe huru, navyo avikunje na kuvikunjua kila mara. Siku za mwanzo mkono uinuliwe juu. Vidole vikifa ganzi, vikipoa au kubadilika rangi, mikanda ilegezwe mara moja. Hali isipotengemaa, aende hospitali bila kuchelewa.

Hapa ndipo linapozuka swali tuliloulizwa zaidi msikitini: vipi kuhusu udhu? Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wamelieleza jambo hili chini ya mlango wa jabira, yaani gango la mfupa. Mgonjwa huosha sehemu iliyo wazi, hupaka maji juu ya gango, na hutayamamu kwa ajili ya sehemu iliyofunikwa. Lakini ruhusa hiyo imefungamana na madhara. Plasta haivuliki, na sapoti huvuliwa kwa kuvuta mkanda. Ikiwa kuivua hakuna madhara, mkono huvuliwa na kuoshwa. Ikiwa kuna madhara, hubaki palepale, na hukumu ya jabira hutumika.

Ni nani basi wa kutuambia kama kuna madhara? Ni tabibu mjuzi na mwaminifu. Mama yetu alikuwa akiivua sapoti mara tano kwa siku akidhani anaihifadhi swala yake, na kila mara mfupa ulizidi kuchokozwa. Uchamungu wake haukuwa na kasoro, alichokosa ni jibu la swali moja, ambalo mtu yeyote wa nyumbani angeweza kumuulizia: "Daktari, je, naweza kuivua ninapotawadha?" Swali hilo liulizwe siku ileile mgonjwa anapovishwa, na jibu lake lifikishwe kwa shekhe, pamoja na suala la swala zipi zitarudiwa baada ya kupona.

Wazee wetu wengi huficha maumivu ili wasiwasumbue watoto wao. Tusingoje walalamike, tuwafungue mikono, tuitazame. Allah awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa watoto wenye kuuliza. Amin.