Ghala na Kiolezo

Ghala ni ushahidi wa busara ya mwanadamu, kwa kuwa aliyejenga ghala amekwisha kuifikiria kesho. Huku kwetu Shinyanga mtama uliowekwa vema huokoa nyumba mwaka wa ukame. Lakini ghala la mtama halijibu swali. Atakaye kujua kilichomo hana budi kuingia na kupima kwa mikono yake.

Ghala lijibulo swali nilionyeshwa Geita na mpwa wangu, kijana apendaye mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft, uliotungwa Uswidi na kukamilika mwaka 2011. Humo mtu huchimba mawe, hukata miti, huyeyusha dhahabu na kuunda vyombo. Sanduku moja lina nafasi 27 tu. Mali ikizidi, masanduku huijaza nyumba, na mwenyewe hajui kitu kilipo. Kwa sababu hiyo wachezaji wametunga nyongeza, mojawapo ikiitwa Applied Energistics, iunganishayo hazina zote kwa waya, hata kila kitu kikaonekana katika kioo kimoja.

Ajabu haikuishia hapo. Mchezaji huandika kiolezo cha kila kitu atakacho. Reli sita za umeme hutaka vipande sita vya dhahabu, unga wa jiwe jekundu, na kijiti kimoja. Vijiti vinne hutoka katika mbao mbili, na mbao nne katika gogo moja. Agizo likitolewa, ghala hulifuata kinyumenyume mpaka kwenye gogo. Pakiwa na upungufu, hulitaja pungufu kabla ya kazi kuanza. Kisichoandikiwa kiolezo hakiundwi.

"Mjomba, haina akili," kijana aliniambia, "ina violezo tu."

Neno hilo lilinipendeza, maana asiyejua asili ya kitu hawezi kukiagiza.

Baba yake ni mchimbaji mdogo. Dhahabu ya Geita nayo ina kiolezo chake: jiwe hutoka duarani, husagwa kwa karasha, huoshwa mwaloni, hushikwa kwa zebaki, kisha huchomwa. Lakini hapa kila hatua ina mtu, na mtu huumia. Mwaka 2015, katika machimbo ya Nyangalata mkoani Shinyanga, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Mwenzao mmoja alifia humo. Hapana kioo kilichokuwa kimetaja upungufu wao.

Nilimwomba kijana aandike kiolezo cha dhahabu ya baba yake. Aliandika mawe, maji, zebaki, na magogo ya kushikilia kuta za duara. Mwisho aliandika "mtu", akasita kwenye idadi, akaiacha nafasi wazi.

Mashine ziundazo vitu kwa agizo zinazidi kuenea duniani, na vijana wetu watazitawala kwa ustadi. Ni heri watakapoandika violezo vyao wasiiruke nafasi ile.