Tulihesabu unga, tukasahau shamba

Mwaka jana mwezi wa tano baba ya watoto aliitwa kazini Kolwezi, kwa kampuni moja inayobebea migodi mizigo. Hapa Likasi alikuwa anapata dola 220. Kule waliahidi 450. Usiku ule nyumbani kwetu Kikula hatukulala kwa furaha. Tulipanga kuhama sisi wote watano kabla masomo hayajafunguliwa.

Hesabu yetu ya kwanza ilikuwa ya haraka. Tulimpigia simu shemeji yetu anayekaa Manika: meka ya unga bei gani, gunia la makala bei gani, mafuta je? Alivyojibu, tuliona tofauti na Likasi si kubwa. Tukasema, mshahara umekuwa mara mbili na bukari ni ileile, twende. Sisi walimu, tunaofundisha watoto hesabu, tulisahau kwamba mwezi wa tano mahindi mapya yametoka na unga umeshuka kila mahali. Mama yeyote wa Katanga anajua mwezi wa kwanza na wa pili unavyouma, hasa Zambia ikizuia unga wake kuvuka mpaka.

Ni shemeji mwenyewe aliyetuamsha. Alichukua daftari, akaandika kwa majuma mawili kila franka iliyotoka mkononi mwake: pikipiki, maji, makala siku ambazo umeme ulikatika, mchango wa matanga, hata vocha ya simu. Daftari lilipotufikia, chakula hakikuwa jambo kubwa. Jambo kubwa lilikuwa nyumba. Hapa tunalipa dola 70 kwa vyumba viwili na saloni. Kule, kwa sababu ya watu wanaofuata migodi, nyumba kama hiyo ilikuwa 200, na mwenye parseli alidai garanti ya miezi 6. Sheria ya mwaka 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi 3. Tulimkumbusha. Alicheka, akasema wengine wako mlangoni wanangoja. Dola 1200 tungetoa wapi?

Tukakaa chini upya. Nyongeza ya mshahara ni 230. Nyumba inakula 130. Zinabaki 100, na humo bado kuna pikipiki ya kila siku, na minervali ya mkubwa wetu. Masomo ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini yeye amekwisha kuingia sekondari.

Halafu kuna vitu ambavyo daftari la shemeji halikuweza kuonyesha, kwa sababu viko huku. Shamba letu dogo nje ya mji linatulisha unga kwa miezi sita hivi. Likelemba yetu ina wamama kumi, na sisi tulikuwa wa tisa. Tungeondoka tumelipia wenzetu tukiwa hatujapokea. Na kazi yetu ya ualimu. Tulifundisha miaka minne bila mshahara wa serikali, tukiwa walimu wapya ambao majina yao hayajaingia kwenye listi ya malipo. Likasi ni Haut-Katanga, Kolwezi ni Lualaba. Kuacha nafasi inayolipwa na kwenda jimbo lingine bila mtu wa kubadilishana naye, hiyo ni kurudi kusimama nyuma ya mstari. Mshahara huo ni mdogo, wamama mnaujua, ila ndio unaonunua madaftari na dawa.

Basi baba alienda peke yake. Anakaa chumba kimoja na mwenzake wa kazi, kila mmoja anatoa dola 40. Anarudi Jumamosi moja kwa mbili. Sufuria mbili ni gharama, hatutaficha, na mdogo wetu aliacha kula vizuri mwezi mzima wa kwanza. Hiyo nayo hatukuiandika popote.

Likelemba tuliipokea mwezi wa kumi na moja, tukaiweka kwa ajili ya garanti. Tumepata pia mwalimu mmoja wa Kolwezi ambaye mama yake anaugua hapa Likasi na anataka kurudi. Barua zetu mbili za kubadilishana ziko ofisini. Shemeji anaendelea kuandika. Mwezi wa pili alitutumia ukurasa wa unga, na safari hii tumeulinganisha na unga wa hapa wa mwezi uleule.