Sigino: Kuku kwa Asali, Meza ya Watu Wawili

Waambie marafiki zako wa Dar es Salaam kwamba wikiendi hii unakwenda Sigino, uone. Wa kwanza atauliza, "Ndio wapi huko?" Wa pili atataka kujua kama mtandao unashika. Wa tatu, yule shosti wako wa siku nyingi, atakuvuta pembeni akuulize swali lenyewe: "Sasa mtaendelea hivi mpaka lini?"

Wale mnaoishi ndoa ya nyumba mbili swali hilo mnalifahamu vizuri. Mmoja kapangiwa kituo cha kazi mkoani, mwingine kabaki mjini na ajira yake. Mapenzi yanakuwa ya simu, na mwisho wa mwezi nauli inaliwa na barabara. Mwenzangu alihamishiwa Babati. Mimi nikabaki Dar na kazi ninayoipenda. Tunabadilishana zamu za kusafiri, na kwa kweli zamu yangu ya kwenda Sigino nimeanza kuisubiri kwa hamu.

Sigino ni moja ya kata za Halmashauri ya Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mkoa uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Ukitokea Arusha ni mwendo wa kilomita kama 170. Unafika Makuyuni, unawaacha watalii wakate kulia kwenda Ngorongoro, wewe unanyoosha kupita Minjingu hadi Magugu, kule kunakosifika kwa mchele unaonukia. Ukitokea Dodoma, lami ya kupitia Kondoa ilizinduliwa mwaka 2018, kilomita 251 hadi Babati. Mimi siku hizi napanda treni ya umeme kutoka Dar hadi Dodoma, safari zilizoanza mwaka 2024, halafu namalizia na basi. Mgongo unashukuru!

Ukifika, usitafute magorofa. Hapa ni mji unaogusana na shamba. Mahindi na mbaazi vimepandwa pamoja katika shamba moja. Mahindi yakishavunwa, mbaazi zinabaki zimesimama peke yake zikiendelea kukomaa. Upande mmoja una Mlima Kwaraa, na si mbali kuna Ziwa Babati na viboko wake. Babati iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, hivyo mwezi wa sita na wa saba jioni inakuwa na kibaridi cha kumsogeza mtu karibu na mwenzake. Wagorowa, Wairaqw, Warangi, Wabarbaig na wageni wa kila mkoa wanakutana sokoni, na mazungumzo ni Kiswahili.

Kuhusu "kwenda dina", ya huku unaipika mwenyewe. Wengi tumezoea kwamba kumtoa mwenza ni kumpeleka mahali penye mishumaa na bili ndefu. Sigino imenifundisha kumtoa mwenzangu bila kuvuka kizingiti. Na chakula tulichokichagua kuwa chetu ni kuku na wafo.

Wafo ni mkate laini wa unga wa ngano, mayai na maziwa, unaookwa kati ya vyuma viwili vyenye vijumba vijumba. Wamarekani huuweka chini ya kuku wa kukaanga, kisha wakamwagia asali ya miti iitwayo shira ya mepoli. Wapo wanaopenda kusimulia kwamba mlo huu ulipata jina Harlem, New York, katika mgahawa wa Wells uliofunguliwa mwaka 1938. Wanamuziki wa jazi walifika pale usiku wa manane baada ya kazi. Chakula cha jioni walikuwa wamechelewa, na cha asubuhi kilikuwa hakijafika, basi wakaletewa vyote viwili kwenye sahani moja. Mwaka 1975 Herb Hudson, mtoto wa Harlem, akafungua Roscoe's huko Los Angeles, na Barack Obama alipita hapo mwaka 2011 akiwa rais.

Utasema, "Kuku na sukari? Haya ni mambo ya wazungu." Hapana bwana! Kwanza, waliouvumisha mlo huu ni watu weusi wa Marekani. Pili, nenda Mombasa, Lamu au Unguja asubuhi yoyote uulize wanakula nini. Mahamri na mbaazi! Andazi lenye sukari na iliki, linachovywa kwenye mbaazi za nazi zenye chumvi. Watu wa pwani wamekula utamu na chumvi pamoja miaka nenda rudi, na hakuna aliyewashangaa. Na mbaazi zenyewe ndizo hizi zinazostawi Babati. Mbaazi za huku soko lake kubwa ni India, ndiyo maana India ilipoweka kikomo cha kuziingiza nchini mwake mwaka 2017, bei ilianguka hapa na wakulima wakaumia. Ningependa kuziona nyingi zaidi zikiishia kwenye sufuria zetu wenyewe.

Sasa twende jikoni. Kuku wetu ni wa kienyeji, na kuku wa kienyeji hataki haraka. Mkate vipande, mchemshe na tangawizi, kitunguu saumu, limau na chumvi mpaka alainike, inaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Supu yake usimwage, hiyo ni ya kuanzia mlo. Vipande vikikauka maji, vichovye kwenye mtindi wenye pilipili manga, uvigaragaze kwenye unga wa ngano uliotiwa chumvi na bizari kidogo, kisha uvikaange kwenye mafuta ya alizeti mpaka viwe rangi ya dhahabu. Ukitumia kuku wa kisasa, ruka kuchemsha. Mloweke kwenye mtindi saa chache, mkaange kwa moto wa wastani, na uhakikishe ameiva mpaka kwenye mfupa.

Wafo za watu wawili hadi wanne: vikombe 2 vya unga wa ngano, kijiko 1 cha chai cha hamira, vijiko 2 vya chakula vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, kikombe 1 na nusu cha maziwa ya uvuguvugu na robo kikombe ya mafuta. Koroga, funika, acha saa moja uumuke. Ukikaribia kuoka, piga mayai 2 uyachanganye taratibu. Mimi nina chuma cha kuweka juu ya jiko la mkaa, maana umeme nao una siku zake. Huna? Usijinyime. Mimina uji huo kwenye kikaango cha chapati, uwe mnene kidogo. Tofauti ni kwamba vijumba vya wafo vinashika asali, chapati ya maji inaiachia ikimbie.

Asali ndiyo inayoufanya mlo uwe wa Manyara. Huna haja ya shira ya mepoli iliyosafiri kwa ndege. Pasha robo kikombe ya asali bila kuichemsha, kamulia limau, tia pilipili kwa kubana na vidole viwili. Mwagia kuku akiwa bado wa moto. Angalizo kwa wenye mtoto: asali asipewe kabla hajatimiza mwaka.

Mara ya kwanza tulipoandaa mlo huu, mama mwenye nyumba alipita uani akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kuku na asali tena? Nani anakohoa humu?"

Tulicheka. Kwake asali ni dawa ya kifua, na ni kitu cha heshima. Kwa majirani zake Wabarbaig, pombe ya asali ni ya wazee na ya shughuli kubwa, ndoa ikiwemo. Tukamkaribisha. Akala paja taratibu bila kusema neno, akalamba kidole, akaomba kipande cha pili. Kisha akanitazama. "Mwanangu, mimi na mzee tulianza na chumba kimoja na sufuria moja. Nyie mna masufuria mikoa miwili. Mnamlisha nani?"

Mwenzangu aliinamisha macho kwenye sahani. Mimi pia. Jambo lile tulikuwa tunalizunguka karibu miaka miwili. Yeye aliogopa kuniambia nihame, nisije nikamlaumu kwa kuua kazi yangu. Mimi niliogopa kumuuliza kama anataka nije, asije akajibu kwa upole tu. Usiku ule, mama alipokwisha kutuaga, tulizungumza mpaka mkaa ukawa majivu. Mshahara ungepungua kiasi gani. Kazi zipi zipo Babati kwa mtu wa fani yangu. Watoto, wakija, walelewe wapi. Hatukukubaliana kila kitu, na kuna mahali sauti zilipanda. Ila kwa mara ya kwanza tulitaja mwezi na mwaka.

Ndio maana nawashauri wenzangu mlio kwenye ndoa za barabarani: msitumie wikiendi yote kutafuta viwanja. Pikeni chakula kinachochukua muda. Mmoja aangalie kuku, mwingine akoroge unga, simu zikae chumbani. Ile saa moja ya kusubiri hamira ifanye kazi yake inatosha kusema yale ambayo simu haikuyamaliza.

Mkipata siku ya pili, amkeni mapema mkaangalie viboko ziwani mkiwa na mwenyeji, msiwasogelee. Rudini kupitia sokoni mkachukue mbaazi, mchele wa Magugu na lita ya asali. Mkiba kidogo wa bajeti uwekeni kwa nauli ya safari ijayo, kama bado mnaihitaji. Sisi tumebakiza zamu chache. Chuma cha wafo sikirudishi tena Dar, nimekitundika ukutani Sigino, juu ya jiko.