Mtu Aliyebebeshwa Hila ya Vita

Senema za vita hupendwa na wengi, hasa zile zionyeshazo wapelelezi na hila za wakubwa wa majeshi. Hata mimi nazipenda. Walakini yafaa tuulize tuzitazamapo: Hila ile ilimgharimu nani?

Twaa kisa kimoja cha Vita vya Pili vya Dunia, ambacho kimefanywa senema mbili, moja mwaka wa 1956 na nyingine mwaka wa 2021. Mwaka wa 1943 Waingereza na Wamarekani walikusudia kushambulia kisiwa cha Sicily. Ili kuwapoteza Wajerumani, maofisa wawili wa Kiingereza, Ewen Montagu na Charles Cholmondeley, walitwaa maiti ya mtu, wakaivika mavazi ya kiaskari na kuipa jina la uongo, Meja William Martin. Katika mkoba wake walitia barua zenye kudokeza kwamba shambulio litakuwa Uyunani na Sardinia. Mifukoni walitia picha ya mchumba, barua zake za mapenzi, vipande vya tikiti, na barua ya benki ikimdai deni. Uongo mkubwa hauaminiki ukisimama peke yake. Huaminika ukizungukwa na vitu vidogo vya kila siku.

Tarehe 30 Aprili manowari iendayo chini ya maji iliishusha maiti ile baharini, karibu na Huelva, Hispania. Mvuvi akaiona. Barua zikasomwa kwa siri, habari zikawafikia Wajerumani, nao wakapeleka majeshi Uyunani. Tarehe 10 Julai Sicily ikashambuliwa.

Senema ya kwanza yaonyesha jasusi aliyetumwa London kuchungua kama Martin alikuwa mtu kweli. Jasusi huyo hakuwako. Alitungwa ili watazamaji wapate wasiwasi. Hilo si kosa kubwa, maana hadithi ina ruhusa yake.

Lakini maiti ile ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya Glyndwr Michael, maskini wa Wales, aliyekufa London Januari 1943 kwa sumu ya panya. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kufa, wala hakuna aliyemwomba ruhusa alipokuwa hai. Jina lake halikujulikana kwa watu mpaka mwaka wa 1996, na mwaka wa 1998 likachongwa kwenye kaburi lake huko Huelva, chini ya lile jina la uongo.

Nilipowasimulia wanafunzi wangu kisa hiki, mmoja aliuliza: "Mwalimu, mbona waliobuni walisifiwa, na aliyebebeshwa akafichwa?" Mwingine akajibu kwamba siri ya vita haina budi kufichwa. Wote wawili walisema kweli. Vita vilipokuwa vikiendelea, jina lile lilipaswa kufichwa. Lakini vita vilikwisha mwaka wa 1945, na maskini yule akangoja miaka hamsini na zaidi.

Basi, mtazamapo senema za namna hii, wasifuni wenye akili, lakini mtafuteni na yule ambaye jina lake halikutajwa. Mzigo ukishafika, si haki kumsahau aliyeubeba.