Aliyegusa Vazi kwa Siri

Nilizaliwa na damu isiyoganda upesi. Kila mwezi hedhi hunitoka kwa wingi na kuniondolea chuma, madini yanayoiwezesha damu kubeba oksijeni mwilini. Miaka mingi nilihema kwa safari fupi ya kuchota maji ziwani, nikaitwa mvivu, nikanyamaza kwa haya. Ndagala na sombe havikutosha kurudisha kilichopotea.

Jioni moja, katika shirika letu hapa Uvira, tulisoma Marko 5. Mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 aligusa vazi kwa siri. Yesu akamtafuta katikati ya umati, naye akasema kweli yote. Usiku ule nilimwambia mama. Kesho yake, daktari. Alinipima damu, akaniandikia vidonge vya chuma.

Wapendwa vijana, mwenzenu akichoka, msimhukumu. Mtafuteni, mumsikilize.