Kaseti haihesabiwi

Tangu 2011, kila wimbo ninaousikiliza kwenye simu unaandikwa Last.fm. Sheria yake ni nyepesi: wimbo ukifika nusu, au dakika 4, umehesabiwa. Kwa hiyo taarabu ya dakika 15 na bongo fleva ya dakika 3, zote ni moja moja. Huwa nanung'unika, halafu nafungua tena kuangalia namba. Ni ugonjwa, sikatai.

Nilikuwa najitapa kwamba mimi ni mtu wa taarabu. Namba zikaniumbua: juu kabisa yuko Mbaraka Mwinshehe. Nikatafuta nilianza lini. Novemba 2016, mwezi tuliomzika baba. Ungeniuliza siku zile, ningekuapia sikusikiliza kitu. Kumbe mara 212, nyingi usiku wa manane.

Mbaraka alikuwa wa baba, si wangu. Alimsikiliza kila Jumapili kwenye redio kaseti huku akipiga pasi mashati. Utepe ukichomoka, anaurudisha kwa kalamu. Miaka yote hiyo haimo kwenye orodha yoyote.

Juzi nimeikuta ile kaseti kabatini kwa mama. Nimeisikiliza pande zote mbili, simu iko mezani, haihesabu.